Fungu la Chombo

Mhadhara uliotolewa Msasani, Dar es Salaam. Umechapishwa kama ulivyosemwa, ila salamu ndefu za mwanzo zimepunguzwa.

Nawashukuru kwa feni, maana joto la hapa Msasani ukilichanganya na habari za mishahara ya wakubwa, mtu anaweza kuanguka.

Leo alfajiri nilishuka pwani, kule kijijini, mashua zinapoingia. Nilitaka kutazama tena jambo ambalo nimeliona tangu utoto na sikuwahi kulitilia maanani: wavuvi wanavyogawana. Samaki wakishauzwa, kwanza zinatolewa gharama, yaani mafuta ya mashine, barafu, na chakula walichokula baharini. Kisha linatengwa fungu la chombo na la nyavu. Kinachobaki ndicho cha watu, na hapo nahodha anawazidi mabaharia. Sikusikia mtu akinung'unika kwamba nahodha kazidi. Ndiye aliyekesha akisoma upepo, na mashua ikipotea ndiye atakayeulizwa na wake za watu. Lakini yako mambo mawili niliyoondoka nayo pale mchangani. Chombo kilipata chake kabla ya nahodha. Na hesabu ilifanyika hadharani, juu ya turubai, noti zikihesabiwa kwa sauti, hata mtoto aliyekuja kuokota dagaa walioanguka alijua nahodha kaondoka na shilingi ngapi.

Naomba niyabebe mambo hayo mawili kutoka mchangani mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, yalipo Makumbusho ya Taifa.

Jengo la kwanza pale lilijengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, likafunguliwa kwa umma mwaka 1940. Baada ya Uhuru likaongezwa jingine, na Sheria Namba 7 ya mwaka 1980 ikayakusanya makumbusho yetu chini ya shirika moja la umma. Leo shirika hilo linabeba Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni pale mjini, Kijiji cha Makumbusho hapa kwa jirani zetu, Azimio la Arusha na Elimu Viumbe kule Arusha, Mwalimu Nyerere kule Butiama, na Majimaji kule Songea. Chukueni ramani mtazame huo mtawanyiko. Mtu anayeongoza nyumba hizo zote, kutoka kaskazini hadi mpaka wa Ruvuma, ni mkuu wa shirika hasa, na sitaki mtu atoke humu akisema nimemwita mkubwa wa makumbusho mlinzi wa vinyago.

Sasa twende kwa huyo jirani, Kijiji cha Makumbusho. Simameni kituo cha Morocco saa kumi na moja jioni mumsikilize konda: "Makumbusho, Makumbusho, Mwenge!" Watu wanakanyagana mlangoni. Na katika wote waliobanwa ndani ya lile basi, hakuna hata mmoja anayekwenda makumbusho. Wanakwenda kuunganisha gari. Kata inaitwa Makumbusho, kituo kinaitwa Makumbusho, wenye nyumba za kupangisha wanatangaza vyumba vya Makumbusho, na aliyewapa wote hao jina ni kile kiwanja cha nyumba za asili pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, kilichoanzishwa miaka ya 1960 ili mtoto wa Dar es Salaam aone msonge na tembe bila kupanda basi la siku mbili. Mwenye jina kabaki nyuma ya ukuta, jina limepanda daladala.

Nakitumia Kijiji cha Makumbusho kwa sababu pale uhifadhi unaonekana kwa macho. Mimi nimezaliwa chini ya makuti, kwa hiyo naomba dakika mbili. Makuti ya viungo hufungwa kwenye pau kuanzia chini kwenda juu, safu inapanda juu ya safu kama magamba ya samaki, na fundi hodari anazibananisha sana. Ukibana fito nyingi, paa linakaa miaka. Ukizitawanya ili kuokoa pesa, mvua ya masika ya pili tu unaweka ndoo. Lakini hata paa bora lina siku zake. Linaliwa na jua, linaliwa na mvua, na nguzo zake kwa chini zinaliwa na mchwa, ambao huanza kimya, na ukiona mchanga umepanda ukutani ujue wamekutangulia muda mrefu. Nyumba ya namna hiyo haijengwi ikaisha. Unaijenga, halafu unaendelea kuijenga maisha yako yote. Tembe yenye udongo juu ndiyo balaa zaidi, maana kule Dodoma mvua ni chache, na hapa kwetu zinapiga mara mbili kwa mwaka.

Ndani ya kabati za Mtaa wa Shaaban Robert hali ni ile ile, ila haionekani kwa wepesi. Ngoma ya ngozi inataka hewa isiyopanda na kushuka. Karatasi inaogopa unyevu wa bahari. Fuvu la Zinjanthropus, lile aliloliona Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, likarudishwa kwetu mwaka 1965, lina umri wa miaka takriban milioni 1.75 na halitaki makuu: linataka chumba kilichofungwa vizuri na mtu anayejua anachokifanya.

Na hapa ndipo shida ya fedha inapoanza, maana ukoo wa makumbusho una ndugu tajiri na ndugu maskini katika nyumba moja. Wizara ya Maliasili na Utalii ina TANAPA ya hifadhi za taifa, ina Ngorongoro, ina Makumbusho ya Taifa. Bonde la Olduvai, watalii wanakolipa kwa dola kupiga picha pale fuvu lilipofukuliwa, liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Fuvu lenyewe liko Dar es Salaam. Yaani mtoto anaishi kwa shangazi, mahari inapokewa kwa mjomba. Silaumu Ngorongoro, nao wana mizigo yao. Nasema tu kwamba makumbusho, tofauti na mbuga, hayana tembo wa kuyalipia. Mgeni wa ndani analipa kiingilio kidogo, na inafaa kiwe kidogo, mwanafunzi wa Temeke naye aingie. Kwa hiyo mtegemewa ni serikali, ruzuku, kodi zenu.

Kodi zenu huingiaje? Kitabu cha bajeti kina mafungu, na fungu la wizara hiyo ni namba 69. Kila mwaka waziri anasimama bungeni Dodoma kuomba fedha, na matumizi ya kawaida anayagawa pande mbili: mishahara, na matumizi mengineyo. Hayo mengineyo watu wa ofisini wanayaita OC. Ninaomba mlikumbuke neno hilo kwa uzito wake. Umeme ni mengineyo. Dawa ya mchwa ni mengineyo. Makuti, fito, kufuli la kabati, betri ya king'ora, mengineyo yote. Kwenye fungu la wavuvi, hiki ndicho chombo. Kwenye fungu la serikali, chombo kinaitwa mengineyo.

Mishahara hutoka kwanza, na ni haki itoke kwanza, mfanyakazi ana watoto. Mengineyo hutoka kadiri hazina ilivyokaa mwezi huo. Watu wa ofisini wana msemo wao, "OC haijashuka", wanausema kama sisi tunavyosema mvua haijanyesha, kana kwamba ni kazi ya Mungu.

Niwape niliyoyaona mwenyewe. Ujanani nilikuwa karani wa hesabu katika taasisi moja ya umma. Sitaitaja, na haikuwa makumbusho, ila ilitunza vitu vya zamani kwa namna yake. Meza yangu ilikuwa na trei mbili za waya, moja ya hati zilizolipwa, moja ya hati zinazosubiri. Trei ya kusubiri ilikuwa na ombi la dawa ya wadudu. Mtunza stoo, mzee mmoja mpole kutoka Lindi, aliliandika kwa mkono, mwandiko wa shule ya misheni, herufi zimelala kulia. Robo ya kwanza ikapita. Robo ya pili akaandika jingine, akaambatisha la kwanza kwa pini. Robo ya tatu akaja mwenyewe, akaweka mezani kwangu kiberiti. Nikadhani anataka kunichokoza. Nilipofungua, ndani mlikuwa na unga wa kahawia, laini kama kahawa. Akaniambia, "Mwanangu, hii ilikuwa jalada la mwaka 1931." Wiki hiyo hiyo nilitayarisha masurufu ya safari ya bosi kwenda mkutanoni Arusha, siku tano, yeye, dereva na katibu muhtasi, na posho yake ya siku mbili tu ingenunua dawa yote iliyoombwa. Hati ya masurufu ilipita trei ya kusubiri bila kukaa hata usiku mmoja. Saini nilizikusanya mimi, kwa mbio, ngazi hadi ngazi.

Bosi yule hakuiba. Nataka mnielewe, maana tumezoea kudhani kila tatizo la fedha lina mwizi. Safari ilikuwa halali, mkutano ulikuwapo, viwango vilikuwa vya serikali, risiti zilirudi. Ukaguzi ulikuja ukaondoka bila hoja. Kile kiberiti hakikuwa hoja ya ukaguzi.

Kwa hiyo tunapouliza bosi wa taasisi ya umma analipwa kiasi gani, tukiishia kwenye mshahara tumeuliza nusu. Mshahara ni ile sehemu inayokatwa kodi na inayotajwa mkiwa mnagombana. Malipo yenyewe yamekaa kwenye posho ya kikao, posho ya safari, nyumba, simu, mafuta, dereva, shangingi, na kiinua mgongo mwishoni. Mwaka 2011 nchi ilipiga kelele posho ya kikao ya wabunge ilipopandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na mbunge Zitto Kabwe akajipatia sifa na maadui kwa kuikataa posho. Kelele zile zilikuwa na maana kwa sababu watu waligundua kwamba mtu anaweza kulipwa mara ya pili kwa kukaa kwenye kiti ambacho tayari analipwa mshahara akikalie. Posho zenyewe zinaandikwa wapi kwenye kitabu? Kwenye mengineyo. Zinakula sahani moja na dawa ya mchwa, na mwenye mkono mrefu tunamjua.

Kuhusu magari nina dogo la kusema halafu nipite. Miongoni mwa magari ya zamani yaliyowekwa kwenye makumbusho yetu iko Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha ikamtumikia Mwalimu Nyerere. Huwa nasimama mbele yake nikicheka peke yangu. Ndilo gari la bosi ambalo makumbusho yana sababu nzuri ya kuwa nalo.

Mwalimu mwenyewe sisi watu wa Msasani tunamdai na anatudai, alikaa huku huku kwetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu wa kujenga taifa, uliowataka baada ya kambi wafanye kazi kwa miezi kumi na minane wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, kisha akafanya jambo ambalo hawakulitegemea: akakubaliana nao nusu. Kwamba kweli mishahara ya wakubwa imezidi, wa kwake ukiwemo. Akaukata wa kwake kwa asilimia 20 palepale, na mawaziri na maofisa wakubwa nao wakakatwa. Wanafunzi zaidi ya mia tatu wakafukuzwa. Miezi minne haikupita, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asipangishe nyumba. Miiko hiyo ilikaa hadi ilipolegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Ninaiheshimu ile hasira. Lakini nimeishi muda wa kutosha kuona lililofuata. Mshahara ulipobanwa na bei zikapanda, miaka ya 1980 maofisa walifuga kuku wa kisasa na ng'ombe wa maziwa uani, wake zao wakauza maandazi na barafu, na ofisini mtu alikuwa anakuja kutundika koti kwenye kiti. Mshahara mdogo ulihamisha akili ya mtu kutoka mezani kwenda bandani. Basi siamini kwamba kukata peke yake kunatosha.

Rais Magufuli naye alishika panga. Machi 2016 alisema wapo watendaji wa mashirika ya umma wanaolipwa hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi, akatangaza kwamba hakuna atakayezidi milioni 15. Mwaka uliofuata akautaja mshahara wake mwenyewe hadharani, shilingi milioni 9. Watu wakashangilia. Mimi niliyekaa kwenye trei mbili nilifanya hesabu. Rais anaweza kuishi kwa milioni 9 kwa sababu hanunui mafuta, halipi pango, hachukui bodaboda. Kitu kilichofaa kushangiliwa ni kwamba ile namba ilitamkwa. Katika miaka yangu yote ya kusoma magazeti, ni mara chache mno nimesikia mkubwa akitaja kiasi chake bila kuulizwa mahakamani.

Tukiwa bado kwenye hesabu: Mei Mosi ya 2025, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mtumishi wa umma kipande kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Milioni 15 gawanya kwa laki tano unapata thelathini. Mfagizi wa ukumbi wenye fuvu angefagia miaka miwili na nusu ili apate mwezi mmoja wa aliyefika kwenye ile dari. Ikiwa hiyo ni haki au si haki, tuliopo humu hatutakubaliana, na sikuja kuwakubalisha. Pwani nahodha hazidi mara thelathini. Lakini pwani vilevile nahodha hana shahada mbili.

Nawasogeza mbali kidogo, Marekani, mji wa Detroit. Pale kuna makumbusho makubwa ya sanaa, Detroit Institute of Arts, na yalikuwa hoi kifedha. Agosti 2012 wapiga kura wa wilaya tatu, Wayne, Oakland na Macomb, waliulizwa kama watakubali kukatwa kodi ya nyumba zao ili kuyaokoa. Wakakubali, na wao wakapewa kuingia bure. Julai 2013 mji wenyewe ukatangaza umefilisika, wadai wakaanza kuzipigia hesabu picha ukutani. Zilinusurika kwa mpango wa kuchangishana wa zaidi ya dola milioni 800, na makumbusho yenyewe yakaahidi kutafuta milioni 100. Sasa sikilizeni. Mwaka 2014, jasho la uokozi halijakauka, ikajulikana kwamba mkurugenzi na wasaidizi wake walikuwa wameongezwa mishahara na kupewa bonasi. Wilaya zikawaka moto. Tumejitoa kodi ya nyumba zetu, wakasema, ninyi mnapeana bahasha! Bodi ikatafuta fedha binafsi, ikazirudisha zile bonasi.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanakazania bonasi. Mimi nakazania neno "ikajulikana". Ilijulikanaje? Hakuna karani aliyevujisha. Sheria ya kodi ya Marekani inazitaka taasisi za namna ile zijaze fomu kila mwaka, na ndani yake ziandike wakubwa wao wanalipwa nini, mshahara na nyongeza, jina kwa jina, na fomu hiyo ni ya wazi kwa yeyote. Mwandishi aliisoma tu. Na msidhani aibu ile iliyaua makumbusho. Machi 2020 wapiga kura wa wilaya zile zile waliulizwa tena kuhusu kodi hiyo kwa miaka kumi mingine, wakakubali tena. Walikasirika mchangani, hesabu ikafanywa mchangani, wakaridhika.

Hapa jirani, Kenya, mambo yamechukua njia nyingine. Mwaka 2023 tume yao ya kupambana na ufisadi iliwakamata maofisa wa Makumbusho ya Kitaifa, akiwemo aliyekuwa mkurugenzi mkuu, kwa tuhuma kwamba takriban shilingi milioni 490 za Kenya zilipotelea kwenye orodha ya malipo ya mishahara, zikilipwa kwa watu wasiostahili. Ni tuhuma, na mahakama ndiyo yenye neno la mwisho, sitalitangulia. Ninachokiona mimi kama karani mstaafu ni mahali penyewe: orodha ya mishahara, ile ambayo kila mwezi hutoka kwanza na haiulizwi. Nasi tuliwahi kuhesabu watumishi hewa mwaka 2016 tukawapata zaidi ya elfu kumi nchi nzima. Mfuko usiosomwa na watu una tabia ya kufuga majini.

Upande mwingine wa kisa ni wa chombo kisichopata fungu lake. Beit el-Ajaib ya Unguja, jumba aliloliinua Sultani Barghash mwaka 1883, likaja kuwa makumbusho, lilifungwa mwaka 2012 kwa ubovu. Lilikuwa mbele ya macho ya kila aliyeshuka boti pale Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu yake ya mbele iliporomoka, na watu wawili wakafa. Nilikuwa Unguja wiki iliyofuata. Wazee waliokaa barazani hawakuzungumzia usanifu wala urithi wa dunia. Mmoja aliuliza tu, tangu ule mwaka lilipofungwa, vikao vimekaliwa vingapi? Hakuna aliyemjibu, wakaagiza kahawa nyingine.

Wafadhili? Wafadhili wanapenda kukata utepe. Wakorea waliwajengea Wakongo makumbusho mapya ya taifa kule Kinshasa kwa dola milioni 21, yakafunguliwa Novemba 2019, jengo zuri la kupigiwa mfano. Lakini sijapata kumwona mfadhili akikata utepe wa bili ya umeme, au akipiga picha ameshika galoni ya dawa ya mchwa.

Nimeulizwa kabla ya kuanza, na kijana mmoja aliyekaa pale nyuma, kama basi nataka wakurugenzi wa makumbusho walipwe kidogo. Hapana. Nataka walipwe vizuri, tena kwa mshahara ulionyooka, si kwa kuunga unga na vikao. Tazameni kazi iliyo mbele yao. Mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mjusi mmoja amesimama Berlin mpaka leo, kimo zaidi ya mita 13. Mafuvu ya babu zetu yako kwenye maboksi huko huko. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji, Songea, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na ukoloni. Mwaka uliofuata makumbusho yetu yakashirikiana na Wajerumani kuandaa maonyesho ya historia ya Tanzania pale Humboldt Forum, Berlin. Anayekaa meza moja na watu hao kudai vyetu anatakiwa awe msomi, mjanja, na asiwe na njaa. Mwenye njaa hudanganywa kwa tiketi ya ndege. Mlipeni. Ila mlipeni kama nahodha.

Kwa hiyo ninalolipendekeza ni kanuni moja, nayo wavuvi wa hapa chini wanaijua hata wasiokwenda shule. Katika taasisi yoyote ya kutunza urithi inayolishwa na kodi, robo ambayo fedha ya uhifadhi haijashuka, posho ya safari na ya kikao ya wakubwa isishuke nayo. Ziwe kwenye hati moja, saini moja, siku moja. Mchwa wakilipwa, bosi alipwe. Naapa mtashangaa jinsi OC itakavyojifunza kushuka mapema, kwa sababu atakayeifuata hazina kwa miguu yake sasa ni mwenye shangingi. Na namba ziwekwe wazi: mshahara wa cheo, posho zake za mwaka mzima, na kando yake kiasi kilichotumika kwenye paa, umeme na dawa. Makumbusho yana kabati za vioo nyingi. Mimi ningeomba moja tu, karibu na mlango, baada ya mkata tiketi.

Wapo watakaosema mshahara wa mtu ni siri yake. Wa mtu, ndiyo. Sisi hatuulizi wa mtu, tunauliza wa kiti, na kiti ni chetu. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomruhusu raia kuiandikia taasisi ya umma kuomba taarifa, na inaipa taasisi siku 30 kumjibu. Sheria hiyo imekaa kama nyavu mpya ambazo hazijaloweshwa.

Nimeandika barua fupi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida. Inauliza vitu vitatu: ngazi ya mshahara wa mtendaji mkuu, jumla ya posho za safari na vikao za menejimenti na bodi kwa mwaka wa fedha uliopita, na jumla iliyotumika mwaka huo huo kuhifadhi vitu na majengo. Haimtuhumu mtu. Jina la taasisi nimeliacha wazi, kila mmoja ajaze ile iliyo karibu naye, anayeishi Kinondoni ajaze ya kwake, wa Temeke ajaze ya kwake. Nakala arobaini ziko pale mezani karibu na mlango. Chukueni, wekeni saini na tarehe, halafu hesabuni siku thelathini.